Mwamba Ngoma na Mchezaji Wake: Maoni Kuhusu Usomaji Wetu wa Magazeti

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Methali hii hutajwa aghalabu watu wanapozungumzia magazeti ya nchi hii. Hutajwa kwenye vibanda vya chai, ndani ya matatu, katika vyumba vya walimu na hata katika mabweni yetu, na kila anayeitaja hukusudia jambo moja: kwamba mwenye gazeti huandika yanayomfaa yeye na watu wake. Ni nadra kumsikia mtu akiitaja methali hiyo hiyo kumhusu msomaji. Ilhali msomaji naye ana ngoma yake, na ana upande anakoivutia ngozi.

Makala haya yanatoa maoni kuhusu mambo mawili ambayo kwa mtazamo wangu hayatenganiki, yaani namna tunavyosoma magazeti na namna tunavyolalamikia upendeleo wake. Ninashikilia kwamba upendeleo huo upo kweli, una historia na una mbinu zake. Ninashikilia vilevile kuwa mbinu iliyo hatari zaidi imo ndani ya vitenzi vidogo tusivyovitazama, wakati tukiwa tumekodolea macho vichwa vikubwa vya habari na picha za wanasiasa. Iwapo hoja hii ina mashiko, basi wanafunzi wa Kiswahili wana kazi ya kufanya ambayo hakuna mwingine atakayewafanyia.

Gazeti la mmoja huwa la kumi

Yeyote aliyewahi kupita katikati ya jiji la Nairobi asubuhi anaijua picha hii. Muuzaji ameyapanga magazeti yake chini, kando ya njia, na watu wameyazunguka wakiwa wameinama, mikono imefumbatwa nyuma. Husoma vichwa vya habari vya magazeti matatu au manne, wakatikisa vichwa vyao, wakaguna, kisha wakaenda zao bila kununua lolote. Wapo wauzaji ambao kwa sarafu chache humwazima mtu gazeti alisome papo hapo na kulirejesha likiwa halijakunjwa vibaya. Nakala moja ikishanunuliwa, husafiri. Itatoka kwa mwenye duka iende kwa kinyozi, itoke kwa kinyozi iende hotelini, na mwisho wa safari ifungiwe nyama au maandazi. Kwa hivyo, idadi ya nakala zinazouzwa haiwezi kutueleza ni Wakenya wangapi waliolisoma gazeti la siku hiyo.

Jambo la pili ni kwamba gazeti kwetu husomwa kwa sauti. Katika bustani ya Jeevanjee jijini Nairobi, wananchi wa kawaida wamekuwa wakikutana kwa miaka mingi katika kile wanachokiita Bunge la Mwananchi, wakijadili siasa, bei ya unga na mienendo ya viongozi. Mabaraza ya namna hiyo yapo katika miji mingine pia. Aliyebahatika kununua gazeti huwa ndiye mwenye hoja, na wengine hupokea kutoka kinywani mwake. Kwa sadfa ya historia, bustani hiyo ina jina la mfanyabiashara A. M. Jeevanjee, ambaye ndiye aliyeanzisha gazeti la African Standard mjini Mombasa mwaka wa 1902, gazeti ambalo leo tunalifahamu kama The Standard.

Hapa pana jambo linalostahili kumkosesha usingizi kila mwanafunzi wa tafsiri. Magazeti mengi yanayosomwa katika mabaraza hayo yameandikwa kwa Kiingereza, bali mjadala wenyewe huendeshwa kwa Kiswahili. Maana yake ni kwamba kila asubuhi kazi kubwa ya tafsiri hufanyika nchini mwetu bila mhariri, bila kamusi na bila mtu wa kusahihisha. Mwandishi ameandika kwa uangalifu kuwa afisa fulani anadaiwa kuiba fedha za umma. Msomaji anayewafasiria wenzake hana subira na neno hilo dogo la tahadhari. Huwaambia tu kwamba afisa ameiba. Au, iwapo afisa huyo ni mtu wa kwao, huwaambia kuwa anasingiziwa. Habari iliyotoka chumba cha uhariri ikiwa moja hufika barazani ikiwa mbili, na kila kundi huondoka likiapa kwamba limelisoma gazetini.

Sisi wanafunzi wa vyuo vikuu hatuna haki ya kuwacheka watu wa baraza. Tazama meza ya magazeti katika maktaba yoyote ya chuo. Ukurasa wa mwisho, wenye habari za kandanda, ndio unaochakaa kwanza, ukifuatwa na matangazo ya kazi. Ukurasa wa tahariri hubaki safi kama sahani ya mgeni asiyefika. Siku hizi hata meza yenyewe imeanza kupwaya, kwa kuwa picha ya ukurasa wa kwanza hutufikia kwenye simu kabla hatujaamka kitandani, na kwa wengi wetu picha hiyo ndiyo gazeti lote. Tunabishana kutwa nzima kuhusu kichwa cha habari ambacho habari yake hatujaisoma.

Mkono ulambwao si mtupu

Wanaodai kuwa magazeti yetu hupendelea hawasemi uongo. Historia yenyewe ni shahidi. African Standard ya Jeevanjee haikukaa sana mikononi mwake kabla ya kuuzwa kwa Wazungu, ikabadilishwa jina kuwa East African Standard, na kwa miongo mingi ikawa sauti ya walowezi. Kwa walowezi na magazeti yao, wapiganaji waliokuwa msituni katika miaka ya 1950 walikuwa magaidi. Neno hilo lilikita mizizi kiasi kwamba marufuku ya kikoloni dhidi ya Mau Mau haikuondolewa hadi mwaka wa 2003, miaka 40 baada ya uhuru.

Waafrika nao walijaribu kuwamba ngoma zao. Mwaka wa 1928 kulianzishwa Muigwithania kwa lugha ya Gikuyu, likihaririwa na Johnstone Kenyatta, ambaye baadaye alikuwa Rais Jomo Kenyatta. Hali ya hatari ilipotangazwa mwaka wa 1952, magazeti mengi ya lugha za Kiafrika yalipigwa marufuku. Kwa upande wa Kiswahili, kampuni ya Standard ilianzisha Baraza mwaka wa 1939, na gazeti hilo lilidumu hadi 1979. Taifa lilianzishwa mwaka wa 1958, likanunuliwa na Aga Khan mwaka uliofuata, na mwaka wa 1960 likawa gazeti la kila siku kwa jina la Taifa Leo. Daily Nation lilizaliwa mwaka huo huo wa 1960. Ni vyema tulikumbuke jambo hili tunapoambiwa kwamba gazeti la Kiswahili ni mdogo wa lile la Kiingereza: katika nyumba hiyo, Kiswahili ndicho kifungua mimba.

Uhuru ulileta wenye ngoma wapya. Mwaka wa 1983 chama cha KANU kilichukua gazeti la Nairobi Times kutoka kwa Hilary Ng'weno na kuligeuza kuwa Kenya Times, likiwa na ndugu yake wa Kiswahili, Kenya Leo. Msomaji wa wakati huo hakuhitaji darubini ili kuuona mvuto wa ngozi. Mwaka wa 1989 Bunge liliwafungia nje waandishi wa Daily Nation, wakakatazwa kuripoti vikao vyake. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 majarida kama Nairobi Law Monthly, Finance na Society yalikuwa yakinaswa na maafisa wa serikali kabla ya kumfikia msomaji. Mwanasiasa wa upinzani Kenneth Matiba naye akaanzisha The People, gazeti ambalo halikuficha kwamba lilizaliwa kutokana na siasa za upinzani.

Mabadiliko ya mwaka wa 2002 hayakukatisha kamba za ngoma. Usiku wa kuamkia Machi 2, 2006, polisi waliojifunika nyuso waliivamia kampuni ya Standard, wakazima matangazo ya KTN na kuchoma maelfu ya nakala za gazeti. Waziri wa Usalama wa wakati huo, John Michuki, alijibu lawama kwa mfano wa nyoka: anayemchokoza nyoka awe tayari kuumwa. Januari 30, 2018, vituo kadhaa vya runinga vilizimwa kwa sababu ya kiapo cha Raila Odinga katika bustani ya Uhuru. Juni 25, 2025, Mamlaka ya Mawasiliano iliviamuru vituo viache kuonyesha maandamano moja kwa moja. Yote haya yametukia katika nchi ambayo Kifungu cha 34 cha Katiba yake ya 2010 kinalinda uhuru wa vyombo vya habari.

Pamoja na hayo, mkono wa askari ndio ulio rahisi kuonekana. Mgumu kuonekana ni mkono wa mwenye matangazo. Gazeti haliishi kwa bei ya nakala. Huishi kwa matangazo ya benki, ya kampuni za simu na ya serikali. Mwaka wa 2015 serikali iliyakusanya matangazo yake chini ya wakala mmoja na kuanzisha toleo la MyGov. Tangu hapo, kila mhariri anafahamu kwamba tangazo likinyimwa gazeti hakuna haja ya kumtuma askari aliyejifunika uso. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Mkono uliojaa hulambwa, na anayelamba hana nafasi ya kusema.

Upendeleo uliomo katika vitenzi

Hadi hapo sijasema jipya. Hayo yote hujadiliwa barazani, tena na watu wasiokuwa na shahada. Tunapoachwa mkono na baraza, na tunapopaswa sisi kuingia, ni katika lugha yenyewe. Zitazame sentensi zifuatazo, ambazo nimezitunga kwa ajili ya mjadala huu:

(a) Polisi waliwapiga risasi waandamanaji watatu.
(b) Waandamanaji watatu walipigwa risasi na polisi.
(c) Waandamanaji watatu walipigwa risasi.
(d) Waandamanaji watatu walifariki katika makabiliano na polisi.
(e) Maandamano yasababisha vifo vya watu watatu.

Tukio ni moja na maiti ni watatu katika kila sentensi. Katika (a) mtenda yuko mbele. Katika (b) amesukumwa nyuma. Katika (c) ametoweka, na risasi imebaki ikielea hewani. Katika (d) risasi nayo imetoweka, na waliouawa wamegawana lawama na waliowaua kwa kuwa makabiliano huhitaji pande mbili. Katika (e) mtenda amepatikana upya, naye ni maandamano. Waliokufa wamejiua wenyewe kwa kuandamana. Hakuna uongo hata mmoja ulioandikwa, na hakuna mahakama itakayomhukumu mwandishi wa sentensi yoyote kati ya hizo.

Kiswahili kimejaliwa utajiri wa kauli za vitenzi, na utajiri huo ni maficho mazuri. Tunafundishwa kuwa kauli ya kutendwa humruhusu mtenda kutajwa kwa kutumia 'na', kama vile katika "nyumba zilichomwa na vijana". Kauli ya kutendeka haimruhusu. Mtu hawezi kusema "nyumba zilichomeka na vijana" akaeleweka. Kwa hiyo anayeandika kuwa nyumba zilichomeka, au ziliteketea, amelifunga swali la nani aliyezichoma kabla halijaulizwa. Ndivyo pia ilivyo fedha za umma zinapoandikwa kuwa zilipotea. Fedha hazina miguu, lakini sarufi imezipa.

Vitenzi vya usemi navyo si watakatifu. Kiongozi anayependwa hueleza, hufafanua, husisitiza na hufichua. Asiyependwa hudai, hujitetea, hufoka na hubwata. Maneno yaliyotoka vinywani mwao yanaweza kuwa sawa kabisa, bali msomaji ameshaambiwa nani wa kuaminiwa kabla ya kufika kwenye alama za kunukuu. Katika nomino, kundi lile lile la watu laweza kuwa vijana, wafuasi, wahuni au wakora, kutegemea limefika katika mkutano wa nani.

Mhariri akiyasoma haya atanijibu, na jibu lake nalijua. Atasema kuwa kutomtaja mtenda ni tahadhari ya kisheria; kwamba haijulikani nani aliyefyatua risasi hadi uchunguzi ukamilike, na kwamba gazeti lisilojihadhari litafilisiwa na kesi za kuharibia watu majina. Jibu hilo lina uzito. Neno 'anadaiwa' limewaokoa wengi wasio na hatia, na ole wetu siku litakapotoweka. Kipimo changu ni kimoja tu: je, tahadhari hiyo hugawiwa kwa usawa? Mtuhumiwa wa wizi wa kuku huandikwa kwa jina, kijiji na picha, akiwa amechuchumaa chini na kuku mkononi. Mtuhumiwa wa wizi wa mamilioni huandikwa kuwa anahusishwa na sakata. Tahadhari inayomlinda tajiri pekee haifai kuitwa tahadhari. Huo ni upendeleo uliovaa kanzu ya sheria.

Januari 2008 na swali la kimya

Kuna wakati ambapo mambo haya huacha kuwa mada ya semina. Matokeo ya uchaguzi wa urais yalipotangazwa Desemba 30, 2007, serikali ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Nchi ikawaka. Tume ya Waki, iliyochunguza ghasia hizo, ilihesabu vifo 1,133. Mtangazaji mmoja wa redio ya lugha ya mama alifikishwa mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai mjini The Hague, na kesi yake ikasitishwa mwaka wa 2016 bila ya yeye kupatikana na hatia.

Magazeti yalifanya jambo ambalo halikuwa limezoeleka. Januari 3, 2008, magazeti yaliyokuwa yakishindana kutwa kucha yalitoka na kichwa kimoja cha habari, yakisihi nchi iokolewe. Wapo wanaokumbuka siku hiyo kwa fahari. Wapo pia wanaosema kwamba kuanzia hapo magazeti yaliufunika mdomo wao wenyewe, yakahubiri amani na kuacha kuuliza kura zilihesabiwaje. Katika kurasa nyingi za wakati ule makabila hayakutajwa. Iliandikwa tu 'jamii fulani' ilishambuliwa na 'jamii nyingine', na kila msomaji, kwa kutazama jina la mji na majina ya waliofariki, aliijaza mwenyewe nafasi hiyo iliyoachwa wazi. Tena aliijaza kwa chuki aliyokuwa nayo tayari.

Mimi sina uthubutu wa kuwalaumu wahariri wa siku zile. Aliyekuwa akisikia mabati yakilia kwa moto hawezi kulaumiwa kwa kuchagua kunong'ona. Hata hivyo nina uthubutu wa kusema kwamba kimya nacho ni usemi, na kwamba msomaji aliyezoeshwa kujaza mapengo kwa kubahatisha atayajaza hivyo hivyo wakati wa amani. Tukumbuke pia kwamba maneno yaliyoua watu wakati huo hayakuwa mageni. 'Madoadoa' ni neno la kawaida la ngeli ya LI-YA, lenye mnyama wake na kitambaa chake. Katika Bonde la Ufa liligeuzwa kuwa jina la jirani anayestahili kung'olewa, hata Tume ya Uwiano na Utangamano ikalijumuisha mwaka wa 2022 katika orodha yake ya maneno ya chuki. Kamusi haitupi ulinzi wowote dhidi ya neno kama hilo. Kinachoweza kutulinda ni msomaji anayejua lugha inafanyiwa nini.

Nyani haoni kundule

Sasa nimgeukie huyo msomaji, yaani nijigeukie mimi na wewe. Gazeti likimkosoa mwanasiasa wetu, tunasema limenunuliwa. Gazeti hilo hilo likimkosoa hasimu wake wiki inayofuata, tunalipiga picha na kulisambaza tukisema kwamba ukweli umedhihirika. Tunamtambua mwandishi kwa jina lake la ukoo kabla ya kuisoma aya yake ya kwanza, na tukishalitambua jina hilo hatuoni haja ya kuisoma aya ya pili. Rais Uhuru Kenyatta alipokuwa madarakani (2013 hadi 2022) aliwahi kusema kuwa magazeti ni ya kufungia nyama. Watu walicheka na kupiga makofi, wakiwemo waliokuwa wakisoma magazeti hayo kila siku. Walicheka kwa sababu kauli ile iliwaondolea mzigo. Kama gazeti ni la kufungia nyama, basi lolote baya litakalolisema kuhusu mtu wetu halihitaji kujibiwa.

Huu ndio upendeleo nisiousikia ukilalamikiwa. Mhariri anayependelea anaweza kupingwa, kushtakiwa mbele ya Baraza la Vyombo vya Habari, au kuachwa na wasomaji. Msomaji anayependelea hana wa kumshtaki. Zaidi ya hayo, yeye ndiye humfundisha mhariri kupendelea, kwa kuwa gazeti huuzwa na kile ambacho watu wako tayari kukilipia. Tukiwa tunanunua tu magazeti yanayotuambia tulichokwisha kukiamini, tusishangae sokoni kukiwa hakuna kingine.

Wajibu wa wanafunzi wa Kiswahili

Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi kwa mujibu wa Kifungu cha 7 cha Katiba. Licha ya hadhi hiyo, nchi nzima ina gazeti moja tu la Kiswahili linalochapishwa kila siku. Taifa Leo limefanya kazi ambayo wizara nzima haikuifanya. Limewalea washairi katika kurasa zake za mashairi, limewasaidia watahiniwa wa shule, na limewapa jukwaa waandishi wa aina ya marehemu Profesa Ken Walibora. Lakini mwananchi anayesoma Kiswahili pekee hana gazeti la pili la kulinganisha nalo. Msomaji wa Kiingereza akitilia shaka habari ya gazeti moja, hufungua la pili na la tatu. Mwenzake wa Kiswahili huambiwa aamini au aache. Sheria nayo haikusaidia: marekebisho ya mwaka wa 2002 yaliipandisha dhamana ya kuchapisha gazeti kutoka shilingi 10,000 hadi shilingi milioni moja. Kikundi cha wanakijiji au cha wanafunzi kingezitoa wapi?

Ninapendekeza mambo matatu, nayo yote yako ndani ya uwezo wa chama kama hiki chetu. Kwanza, tuwe na kikao cha kila juma cha kusoma magazeti kwa pamoja. Tuchukue tukio moja kutoka magazeti mawili, tuyafunike majina ya magazeti na ya waandishi, kisha tuorodheshe vitenzi vyote na kuuliza: nani ametenda, nani ametendwa, nani hakutajwa? Zoezi hilo halihitaji ufadhili, bali kalamu na nusu saa. Mtu akilifanya mara tano, hatasoma tena gazeti kama alivyolisoma zamani.

Pili, tuandike barua kwa mhariri, tena kwa Kiswahili fasaha. Tunaposema gazeti limependelea, tuonyeshe sentensi, tutaje kauli ya kitenzi, na tupendekeze ambavyo ingeandikwa kwa haki. Malalamiko ya jumla hayamtishi mhariri yeyote. Sentensi iliyochambuliwa vizuri humwaibisha.

Tatu, tulichukue jukumu la tafsiri. Wengi wetu tutakuwa walimu, watangazaji na wafasiri. Tuanze sasa kukusanya maneno ya tahadhari ambayo wanahabari huyatumia kwa Kiingereza, na kuyatafutia visawe vya Kiswahili vinavyotamkika barazani kwa urahisi, ili anayewasomea wenzake kwenye bustani asilazimike kuchagua kati ya 'ameiba' na 'anasingiziwa'. Lugha tayari imetupa 'anadaiwa', 'anashukiwa', 'ameshtakiwa' na 'amepatikana na hatia'. Hizo ni ngazi nne tofauti, na mtu anayezichanganya anaweza kumfunga jirani yake kwa ulimi kabla hakimu hajaketi.

Hitimisho

Sijaandika makala haya ili kuyatetea magazeti yetu, wala kuyahukumu. Nimeandika kwa sababu kila baada ya miaka mitano nchi hii huingia katika msimu ambapo maneno hupimwa kwa roho za watu, na msimu huo hutukuta tukisoma vilevile tulivyosoma mwaka wa 2007: kwa haraka, kwa kabila, na kwa vichwa vya habari. Mwamba ngoma ataendelea kuivutia ngozi kwake, kwa kuwa ndiyo hulka ya kazi yake. Anayecheza naye ana haki, na ana wajibu, wa kusikiliza mlio wa ngoma yenyewe kabla ya kuinua mguu. Kikao cha kwanza cha kusoma magazeti na kifanyike juma hili, na atakayehudhuria aje na nakala mbili: lile analoliamini, na lile asiloliamini.